Sauti ya Mama Mkwe

Siku hizi pikipiki haiwaki mpaka helmeti ya dereva iwekewe spika yenye sauti ya ndugu mmoja, ya kumwonya njiani. Mbwilo, bodaboda wa Iringa, alikwenda dukani kuchagua yake pamoja na mkewe, Sekela.

"Tuweke sauti ya nani?" muuzaji aliuliza.

"Yangu," Sekela akadakia.

"Ya mama yake," Mbwilo akasema upesi. Mama mkwe alikuwa mtu wa haya, na tangu harusi hakuwahi kumsemesha zaidi ya salamu. Mbwilo alijua amejinunulia ukimya.

Wiki nzima helmeti haikusema neno. Kisha, kwenye kona moja ya mlimani, ikasema taratibu, "Baba, punguza mwendo." Akapunguza, na lori likampita puani. Saa saba mchana ikauliza, "Baba, umekula?" Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo barabarani. Machozi yakamlengalenga.

Jumapili Sekela alimkuta uani, amekalia pikipiki iliyozimwa, helmeti kichwani, anacheka.

"Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Mama yupo sebuleni tangu asubuhi, hata hujaenda kumsalimia!"

"Sasa nikamwambie nini?"

Sekela akamvua helmeti kwa hasira, akaivaa mwenyewe.

"Sekela, mwanangu," sauti ya mama yake ikasema kwa upole, "mrudishie mwenzio. Tulikuwa tunazungumza."

Sekela akageuka. Dirishani mama yake alikuwa amesimama, amefumba mdomo, anawatazama.