Waya wa Masudi

Tangu wanunue ile spika, Masudi hakutaka kusikia habari ya blutuuthi. "Inachuja muziki, mke wangu," humwambia Tunu huku akichomeka waya kwenye simu yake. "Sauti ya kweli hupita kwenye waya." Tunu alimwamini. Mumewe ni fundi redio, yeye hajui moja wala mbili.

Asubuhi hiyo panya walikuwa wameukata waya. Masudi alikuwa bafuni anaoga, na Tunu alitaka wimbo wa kumchangamsha akisukuma chapati. Akaichukua simu ya mumewe, akawasha blutuuthi, akabonyeza taarabu anayoipenda.

Spika yao ikakaa kimya. Wimbo ukalia ng'ambo ya ukuta, kwenye spika ya chumbani kwa Jokha, jirani yao.

"Masudi?" Jokha akaita kutoka huko, sauti imejaa furaha. "Leo mapema hivyo! Ingia tu, mlango sijaufunga."

Bafuni, maji yakaacha kumwagika.

Tunu akaketi na kipande cha waya mapajani, mikono imejaa unga, akausikiliza wimbo wake. Haukuchujwa hata chembe.