Lisimwenee Dastan

Kila jioni, akishafunga duka, Rozalia alipiga magoti na kumwomba Mungu fundi ashindwe kazi.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya, hapana. Kazi yenyewe ilikuwa gari la marehemu mumewe, Datsun ya zamani ya milango miwili, iliyolala chini kama paka anayenyatia panya. Philbert alilipenda gari lile kuliko usingizi. Kila mwaka alishindana nalo Iringa, mpaka mwaka lilipopinduka naye. Gari lilinyooshwa bodi, likapona. Philbert alizikwa Nyololo.

Sasa Dastan, mwanawe, alikuwa ametangaza kwamba gari la baba litarudi mashindanoni, na dereva ni yeye. Rozalia alilia, akasusa chakula, akamwita hadi paroko aje aseme naye. Wapi! Kijana mwenye ndevu utamfunga kamba?

Kitu kimoja tu kilikuwa upande wa mama: urefu. Dastan alichukua kimo cha wajomba zake, mtaani wakamwita Mlingoti. Akiingia kwenye ile Datsun shingo inapinda, magoti yanabana usukani. Ndiyo maana ilibidi gari lipelekwe Uyole kwa fundi Andendekisye, likatwe sakafu, kiti kishushwe na kurudishwa nyuma, Mlingoti apate kuenea.

Wa kulipeleka alikuwa Anjela, mdogo wake Dastan. Yeye aliweza kuliendesha, japo kwa kuweka mto mgongoni, maana alikuwa mfupi hasa. Dukani alihudumia wateja akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Binti mtulivu, wa kutumwa popote, na asubuhi ya safari Rozalia alimtuma.

"Mwambie fundi asimsikilize Dastan," alisema, machozi yanamtiririka. "Mwambie mama yenu kasema kiti asikishushe. Akipandishe! Kila kitu akisogeze, kibane, mpaka kaka yako asipitishe hata goti. Nimeshazika mtu mmoja kwa gari hilo, Anjela. Siziki mwingine. Niahidi."

Anjela alimtazama mama yake, akalitazama gari, akamrudia mama yake.

"Nakuahidi, mama. Dastan hataendesha."

Kabla wiki haijaisha fundi alipiga simu.

"Shikamoo, Mama Dastan. Maneno yako Anjela kanifikishia. Kiti nimekipandisha."

"Marahaba, baba. Kimepanda kweli?"

"Kimepanda. Na nimekisogeza mbele. Pedeli nazo nimeziongezea vyuma, zimekuja huku karibu. Usukani nimeushusha."

"Na Dastan akiingia?"

"Dastan?" Fundi aliangua kicheko. "Labda miguu aiache nje!"

Rozalia naye alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua zianze. "Mungu aibariki mikono yako, baba."

"Lakini mama, una moyo," fundi alisema. "Wamama wengi wasingethubutu."

"Tutafanyaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Dastan aliporudi kutoka Uyole alikuta mama amechinja kuku.

"Gari limenikataa, mama," alisema, akijishusha kwenye kigoda.

"Pole, mwanangu." Sauti ilikuwa ya msibani, lakini moyoni Rozalia alikuwa anapiga vigelegele. "Basi tuliuze tupumzike."

"Haliuzwi. Amepatikana dereva, limemwenea kama nguo ya kushonesha."

Rozalia alisimamisha upawa hewani. "Mtoto wa nani huyo?"

"Wa huku huku kwetu."

"Na mama yake karidhia?"

Dastan alishughulika kwanza na paja la kuku. "Fundi anasema mama yake mwenyewe ndiye aliyeagiza."

"Makubwa! Kuna wanawake wana mawe kifuani," Rozalia alisema, akamwongezea mchuzi. Haya, kila mtu na mwanawe. Aliona aibu kidogo kwa jinsi habari ile ilivyomfurahisha, lakini aliona pia kwamba hamu ya kula imemrudia.

Siku moja kabla ya mashindano alikwenda Iringa kwa hiari yake. Alikuwa na nini tena cha kuogopa? Alitaka kulitazama gari la Philbert bila kinyongo, basi. Anjela alisema atabaki kuangalia duka. Rozalia alimwachia funguo, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka akiimba wimbo wa kanisani.

Kesho yake, pale kwenye kamba ya watazamaji, alimshika Dastan mkono, akaukumbatia, mkono wa mwanawe mzima na salama. Datsun ilisogea kwenye mstari. Dereva alikuwa ndani, kichwa kimefunikwa kwa kofia ngumu, amekaa wima, kila kitu kikimfikia bila shida. Rozalia alifanya ishara ya msalaba kwa ajili ya yule mama asiyemjua, popote alipo. Ee Mungu, mtazame na huyo, ana mtoto na yeye.

Bendera ilishuka. Gari lilinguruma, likaruka, likapotea kwenye vumbi jekundu. Rozalia alipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Dastan hakupiga. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi Andendekisye alipenya katikati ya watu, mikono yote miwili mbele, uso wote tabasamu, akakamata viganja vile vilivyokuwa bado vinapigwa.

"Hongera," alisema. "Hongera sana, Mama Anjela."