Pini ya Ramani

Alipoivua soksi ya mumewe ili aone damu ilikotoka, mke alikuta pini ya ramani yao ya safari, iliyokuwa imeangukia ndani ya buti, imezama kisiginoni, kichwa chake chekundu tu kikionekana.

Tangu asubuhi mumewe alikuwa akizunguka sebuleni na buti mpya ili zilainike kabla ya safari ya kesho, ya kupanda kwa miguu kutoka msitu wa joto hadi kwenye theluji. Alizunguka huku akitania kwamba makoti waliyofungasha yangetosha kumvisha tembo.

“Baba watoto, hukusikia kitu?”

“Kitu gani? Buti zimenikaa kama nimezaliwa nazo.”

Mke aliichomoa pini, akamwonyesha. Kicheko kikamkauka mumewe mdomoni. Daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari huanza kuua miguu, naye akaahidi kupimwa akirudi. Mguu usiosikia pini usingesikia hata baridi ikiugandisha.

Mumewe alinyoosha mguu wa pili, akafumba macho.

“Jaribu na huu, mama watoto. Lakini polepole.”

Mke aliifuta pini, akaibonyeza unyayoni hadi tone la damu likachomoza.

“Haya, choma basi,” mumewe alisema. “Unaogopa nini?”