Kura ya Bibi Kobilo

Kaburi likipaliliwa, kura ya aliyelala humo huhesabiwa; likimezwa na magugu, nayo kura hufa. Ndiyo sheria ya nchi, na hakuna kaunti inayoringa nayo kama Kapsirwo, kwa wakulima wa viazi wanaozika watu wao shambani. Kila uchaguzi wagombea urais huja huku na majembe mabegani, wakapalilia mbele ya kamera.

Asubuhi hiyo Bibi Kobilo alikwenda kupiga kura kifua mbele. Nyuma ya nyumba yake kaburi la mumewe liling'aa kwa usafi, na mzee alikuwa bado anakipigia chama alichokichagua mara ya mwisho akiwa hai. Kobilo naye alikuwa akimfuata sikuzote. Lakini mwaka huu daktari alimwambia moyo wake umechoka, na kura ya mwisho ya mtu ndiyo inayobaki.

Kituoni akatia alama kwa mgombea wa chama kingine, yule aliyemtaka yeye mwenyewe. Alitoka akijihisi amerefuka.

Nyumbani alimkuta Jebiwott, mjukuu wake na mrithi wa shamba, akipalilia kaburi la babu yake.

"Nyanya, umewapigia watu wetu, sivyo?"

"Nimepiga kura yangu," Kobilo akajibu, kichwa juu.

Jebiwott akaacha kupalilia. Akamtazama nyanya yake, kisha akaitazama nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake kando ya kaburi la babu. Taratibu akaliegemeza jembe ukutani.