Zamu ya Baba

Kwa sheria, nyumba ya askari aliye vitani haikai bila baba. Mtaa hupanga zamu, na kila mwanamume ana siku yake: anakula pale, anakagua daftari la mtoto, kisha anarudi kwake.

Nilirudi Jumanne jioni, baada ya miaka minne, na mguu mmoja wa chuma. Kwenye kiti changu nilimkuta Lugendo, fundi viatu wetu, kavaa kandambili zangu. Akaruka akasimama.

"Karibu, afande. Muda wangu haujaisha, lakini naweza kwenda."

"Kaa umalize kula," mke wangu Tausi alimwambia. "Ukitoka mapema mlango utakuripoti."

Mimi aliniletea chakula kwenye sahani ya wageni.

Binti yetu Tunu, niliyemwacha ana mwaka mmoja, alinisogelea na daftari lake, akanichunguza usoni.

"Shikamoo, baba. Wewe ni wa siku gani?"

Nilimtazama mama yake anisaidie. Tausi alikuwa anasoma orodha ya majina inayowaka mlangoni.

"Jumapili," alisema, "bado haina mtu."