Karatasi za Vyumba

Chraa! Karatasi ilichanwa kutoka kwenye daftari, kisha kikafuata kicheko.

Basili alisimama ghafla nje ya duka la Rukaiya, pale Majengo, mfuko wa misumari ukining'inia mkononi. Kicheko kile alikijua. Kilikuwa cha mke wake, na ilikuwa imepita miezi hajakisikia nyumbani.

Alichungulia katikati ya mabegi ya shule yaliyotundikwa mlangoni. Flavia, aliyetakiwa kuwa shuleni saa ile ya Ijumaa akifundisha hisabati, alikuwa ameinua karatasi kwenye mwanga. Kando yake alisimama mwanamume mwenye shati lililonyooshwa likanyooka. Isack. Injinia wa Bomang'ombe, yule aliyesoma na Flavia kidato cha sita, ambaye picha yake bado ilikuwamo kwenye albamu ya Flavia.

"Hii mistari yake imekolea mno," Flavia alisema. "Inazimeza namba."

"Jaribu hii ya kijani hafifu. Vyumba vya milimita tano. Andika, tuone kama wino unapenya," Isack alisema.

Flavia aliandika, akageuza karatasi, akaipapasa mgongoni kwa kidole. Isack naye akapapasa palepale.

"Jamani," Rukaiya aliwatania, "mnachagua karatasi au kitenge cha harusi?"

Wakacheka wote watatu. Basili, nje, aliuminya ule mfuko mpaka misumari ikamchoma kiganja.

"Nataka kila namba ikae chumbani kwake," Flavia alisema. "Hapo ndipo roho yangu itatulia."

Basili hakuingia. Angeingia aseme nini, mbele ya mtu mwenye digrii? Yeye ufundi wake aliupata kwa kushika nyundo na kujisomea vitabu vya kuazima, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote duniani, isipokuwa Flavia.

Jioni alimkuta jikoni akimenya ndizi. Zile karatasi zilichungulia kwenye mkoba wake.

"Leo ulishinda wapi?"

"Shuleni. Kwani wapi tena?"

"Na hizi?"

"Za wanafunzi."

Basili alizipekua kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu kilichooza. "Vyumba ni vya watoto wa darasa la pili. Mimi tangi zima la maji la Mwika nimelipigia hesabu nyuma ya mfuko wa saruji, na halitikisiki."

Kisu cha Flavia kilisimama. "Zege mnamwaga lini?"

"Jumatatu."

"Hamwezi kusogeza mbele wiki moja? Hata siku nne tu?"

Hapo moyo wa Basili ulipata jibu lake. Tangu kazi ya lile tangi ianze, pale mlimani juu ya zahanati, alikuwa akilala Mwika wiki nzima na kushuka Ijumaa. Zege likishamwagwa, angekuwa nyumbani kila siku. Kumbe ndiyo sababu! Mke alitaka mume aendelee kukaa mlimani.

Hakuwa mtu wa kudharauliwa mara mbili. Mwaka uliopita Melkior, mwashi wake, alimwambia mbele ya watu kwamba ngazi za kanisa zilikuwa zimekosewa kipimo. Basili alitupa futi chini, akaiacha kazi siku ileile, na hawajasalimiana tena. Ikiwa ngazi tu zilimfanya hivyo, seuze mke!

Jumamosi Flavia alijifunga khanga, akasema anakwenda kwenye sala za jumuiya. Basili alimwacha afike njia panda, akamfuata. Flavia alipanda basi dogo la Bomang'ombe. Basili akapanda lililofuata, akamwona kwa mbali akikatisha sokoni, anatembea upesi bila kugeuka, mpaka kwenye ofisi ndogo nyuma ya duka la dawa.

Alisogea mlangoni, akatega sikio.

"Kwa nini usimwambie ukweli?" Ilikuwa sauti ya Isack.

"Wewe humjui. Akijua ataondoka, na hatarudi."

"Mpaka lini utaficha?"

"Tumalize leo, Isack. Nakuomba. Nampenda, lakini siwezi kulala tena nikiwa hivi."

Basili aliupiga mlango kwa bega. Vichwa viwili vilivyokuwa vimeinamiana juu ya meza moja vilishtuka.

"Endeleeni, msinijali!" alifoka. "Kumbe wiki hii jumuiya inasali Bomang'ombe!"

Isack aliinuka. "Shemeji, tulia kwanza..."

"Shemeji yako nani? Uliozesha dada yako kwetu?" Alimgeukia mkewe. "Flavia, chagua sasa hivi. Ukibaki humu, nguo zako utazikuta kwa baba yako."

Macho ya Flavia yalikuwa mekundu, kama ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Aliishika ile karatasi ya kijani, akaizungusha taratibu juu ya meza mpaka ikamtazama mumewe.

Basili alizijua zile namba. Zilikuwa zake, zile za nyuma ya mfuko wa saruji, zimenakiliwa moja moja, kila moja chumbani kwake. Na katika mstari wa nne, nukta moja, aliyoiweka si mahali pake, ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu.

"Jumatatu utajenga kwa vipimo hivi vipya," Flavia alisema, "na nakuahidi, mume wangu, mbele ya Isack: hakuna mtu wa Mwika atakayesikia kutoka kinywani mwangu kwamba lile tangi lako lingewaangukia wagonjwa."