Kichupa cha Mzee Breki

Alikoroga tone la damu na tone la dawa ya kupimia kundi B kwenye kigae cheupe, akakiyumbisha kigae taratibu. Damu ilikatika vipande vipande, kama maziwa yaliyoharibika. Kundi B. Mara ya tatu sasa.

Kadi ya wodini ilisema Mzee Breki ni kundi O.

"Hata ukikoroga mpaka kesho, dada, hakitasema kingine," alisema Polepole, mwenzake wa maabara, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake.

"Labda nimekosea kupima."

"Mara tatu?"

Alikigeuza kichupa mkononi. Jina la mzee alikuwa ameliandika yeye mwenyewe. Ijumaa ya wiki juzi foleni ilikuwa imefika mlangoni, naye akaingiza vichupa viwili mashineni bila lebo, akisema ataandika baadaye. Kimoja cha mzee. Kingine ni kile cha mtu mwenye afya, kinachotangulizwa kila asubuhi kuhakikisha mashine inasema kweli.

Mashine ile hupima homoni ya moyo. Moyo ukielemewa na damu hutanuka, na ukitanuka huimwaga homoni hiyo kama anayepiga yowe, ili mishipa ilegee na figo zitoe chumvi na maji. Homoni ikizidi, moyo unaomba msaada.

Kichupa kimoja kilitoa namba ndogo. Kingine kilitoa namba ya kutisha. Hakusumbuka kuwaza ipi ni ya nani. Mzee ana miaka sabini na ushee, anakohoa, anachoka haraka. Akambandikia ile kubwa.

Daktari aliiamini karatasi, akaandika vidonge vya kutoa maji mwilini. Mzee alikojoa mpaka presha ikashuka, akaanguka bafuni, na sasa figo zake zilikuwa zimeanza kugoma.

Jana yeye mwenyewe alipanda kutoka maabara kwenda wodini kumwona mzee. Alisimama mara mbili kwenye ngazi akihema, akajiambia ni hatia inayombana kifua.

"Binti yangu," mzee alimwambia, midomo imemkauka, "miaka thelathini nimeendesha basi, rejeta haijawahi kuniishia maji namna hii." Alicheka peke yake, kisha akamshika mkono. "Lakini wewe ndiye uliyeuona ugonjwa wangu. Mungu akuweke."

Usiku mzima maneno hayo yalimkaba. Alipolala chali, pumzi ilikata. Akaongeza mto wa tatu, akakaa akisubiri kukuche.

Sasa alinyanyua simu, akapiga wodini.

"Kidonge cha Mzee Breki cha saa kumi, msimpe. Jibu la maabara si lake. Ndiyo, nina hakika. Kosa ni langu, mwambieni daktari naandika barua."

Aliirudisha simu mahali pake. Kazi anaweza kuipoteza, sawa. Kitu kimoja tu alichokuwa akiomba: figo za mzee zirudi.

Akavuta karatasi. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba…*

"Na hizo kandambili kazini?" Polepole aliuliza, akiinama kuchukua kigae. "Mkubwa akikuona je?"

"Viatu vinanibana, kaka. Kutwa nimesimama."

"Sisi sote tunasimama."

"Basi mimi ni mzee kuliko wewe. Niache niandike."

Polepole akamwacha. Alikitoa kwenye friji kichupa cha pili, kile chenye lebo ya mtu mwenye afya, akadondosha dawa ya A na ya B, akakoroga. Safari hii damu ilibaki laini, matone yote mawili.

"Hiki ni O," alisema. "Lebo zimebadilishana kweli."

"Si nimeshakwambia? Mzee wa watu moyo wake mzima kabisa, mimi nimemkausha bure." Machozi yalidondokea kwenye neno *nakiri*, wino ukatapakaa. Akavuta karatasi nyingine, akaanza upya.

Polepole hakuondoka. Alisimama nyuma yake na karatasi ya majibu ya Ijumaa ile, akiisoma kwa kidole.

"Hiyo barua iache, dada. Utaimalizia kesho."

"Nikiiacha sitalala."

"Namba hii kubwa haikutoka hewani." Alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Kichupa cha kujaribia mashine. Siku ile ulitoa damu ya nani?"

Kalamu ilisimama katikati ya neno.

"Kila asubuhi huwa natoa yangu," alisema.